Mama mkwe amesema atalinda nyumba

*Safu ya Shangazi: maswali ya wasomaji kuelekea sikukuu*

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kisasa hapa Dodoma. Kwetu ni Tanga, tulihamia huku mwaka jana baada ya mume wangu kupata uhamisho. Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi kuna tamasha la vyakula na vinywaji hapa mjini: wapishi wa kila namna, wauza mvinyo, ngoma, michezo ya watoto. Kiingilio ni shilingi 5,000 kwa mtu mzima, watoto bure. Tumetenga shilingi 120,000 kwa siku nzima. Watoto wana miaka 11, 7 na 2.

Kinachonisumbua ni mama mkwe. Yuko kwetu tangu Novemba, alitoka Mvumi kuja kliniki. Ana miaka 71, anatembea kwa fimbo, ana sukari na anatumia vidonge. Mume wangu anasema tukienda naye hatutazunguka popote, vyakula vyenyewe vingi haruhusiwi, na pombe hataki hata kuzisikia harufu. Yeye mama alipotusikia akasema, "Nendeni tu wanangu, mimi nitalinda nyumba." Mume wangu akaona yameisha. Mimi roho haijatulia. Tumwache? Na tukienda naye, siku tuipangeje?
Mama Watatu, Kisasa

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimesimama pale pale: "Nitalinda nyumba."

Mimi nina miaka 66. Mwaka juzi, Desemba kama hii, binti yangu na mumewe walikuwa wanawatoa watoto, nikawaambia maneno hayo hayo. Nyumba ilikuwa na geti, na mbwa, na jirani asiyelala. Haikuhitaji mlinzi. Nilitaka niulizwe mara ya pili. Hawakuniuliza, waliniamini, wakaenda. Nikakaa barazani nachambua maharage ambayo siku ile hayakuwa na haraka yoyote. Jioni waliporudi wakanisimulia, nikacheka nao, na usiku usingizi ukanikataa. Sijawahi kumwambia binti yangu. Atalisoma hapa, na alisome.

Kwa hiyo mama aulizwe tena, na asiulizwe na wewe. Aulize mwanawe. Mkwe ukiuliza wewe, atahisi unatimiza adabu. Mwanawe naye asiseme, "Mama, unataka kwenda?" maana hapo atajibu hapana ili asiwasumbue. Amwambie, "Mama, Jumamosi tunatoka wote saa tatu na nusu asubuhi. Hawa watoto hawajui mlenda wa kwenu unavyoliwa, nani atawaonyesha?" Akikataa baada ya hapo, amekataa kweli. Mheshimuni, mwachieni chakula chake na mtu wa kukaa naye. Ila mimi nadhani ataomba khanga yake nzuri ipigwe pasi.

Hilo la mlenda sikulitaja kumbembeleza tu. Matamasha yetu ya hapa huwa na upande wa vyakula vya asili, kina mama wamekaa na vyungu vyao, na upande huo vijana hupita wakikimbilia moshi wa nyama. Pale ndipo mama mkwe wako atakuwa mwenyeji na ninyi wageni wake. Ugali wa uwele, ule wenye rangi ya majivu, ugali wa mtama, mlenda mkavu uliochumwa kipindi cha mvua, ukaanikwa, ukatwangwa na kuwekwa akiba ya kiangazi, karanga zilizosagwa, kunde, njugu mawe za kuchemsha. Wewe wa Tanga umelelewa na nazi, mwanangu, na mlenda wa magadi usio na tui ukiuonja mara ya kwanza peke yako utausukuma pembeni. Ukila na mtu aliyekulia nao, anayekuonyesha namna ya kulikata tonge na kulizungusha ili mlenda usikuvutie nyuzi hadi kidevuni, utakula mwingine.

Watoto nao wamwulize kwa nini kwao walilima uwele na mtama wakati wenzao wanalima mahindi. Dodoma wastani wa mvua kwa mwaka haufiki milimita 600, na inanyesha kwa msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Mahindi yakikosa mvua wiki mbili wakati wa kubeleka, mkulima ameumia. Uwele unavumilia. Bibi yao anaijua habari hiyo kwa majina ya miaka ya njaa, na si ajabu akawataja na watu. Mtoto wa miaka 11 anazishika habari kama hizo.

Sasa sukari. Mimi si daktari. Haya nilifundishwa na muuguzi wa kliniki miaka ile nilipokuwa nampeleka marehemu mume wangu, na ninyi kwa kuwa mama yuko kliniki tayari, mwulizeni muuguzi wake kabla ya Jumamosi. Kubwa kuliko yote: asitoke nyumbani na njaa "ili akale huko". Anayetumia vidonge vya sukari akichelewa kula huku anatembea juani, sukari inaweza kushuka ghafla. Utaona jasho jingi, mikono inatetemeka, maneno yanapotea, anakuwa mkali bila sababu. Anywe chai yake na chakula chake cha asubuhi kama kawaida, dawa kwa saa zake, na kwenye mkoba wako ziwepo pipi au glukosi. Akianza kutetemeka apewe mara moja, akae kivulini, na baadaye ale. Asipopata nafuu haraka, mkimbizeni hospitali. Akizidiwa hadi hawezi kumeza, msimtie kitu mdomoni.

Kuhusu cha kula, mumeo amekosea kidogo, na nasema hivyo kwa upendo. Mama ana vingi vya kula pale. Nyama ya mbuzi ya kuchoma isiyo na mafuta mengi, mlenda, mchicha, kachumbari, maharage, njugu mawe. Ugali wa mtama au uwele usiokobolewa anakula, tonge zake zile chache alizozoea nyumbani. Usidanganywe kwamba kwa kuwa ni wa asili basi hauna wanga. Vinywaji ndivyo vyenye hatari, hata visivyo na kilevi. Juisi ya ubuyu inayouzwa matamashani imejaa sukari. Togwa ina sukari yake ya kimea. Juisi ya zabibu ni tamu kwa asili hata isipotiwa kijiko, na zabibu kavu ni sukari iliyokusanywa mahali padogo. Aonje kwa watoto, funda moja, afurahi. Kiu yake ikatwe na maji.

Saa za kwenda: fikeni saa nne asubuhi, muondoke saa tisa. Najua watu wa mjini hupenda kufika saa kumi jua likipungua, na muziki ndio unaanza. Lakini nyinyi mna mtoto wa miaka miwili na bibi wa miaka 71. Asubuhi vyungu vimetoka motoni, foleni ni fupi, vyoo bado visafi, na wauzaji wana muda wa kuongea na mtu mzima. Mchana wa Desemba huku unachoma, na wingu la mvua likija huja alasiri, na radi, na lile vumbi jekundu dakika tano tu limekuwa tope. Fimbo na tope havipatani. Tena siku hizi sikukuu mji unajaa. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, watu wa Dar wanakuja na kurudi kama wanakwenda sokoni.

Mkifika, kabla hamjanunua hata andazi, tafuteni kivuli. Tandikeni mkeka, mwombeni mwenye banda kiti cha plastiki chenye mgongo kwa ajili ya mama, na hapo pawe nyumbani kwenu kwa siku ile. Yeye hana haja ya kuzunguka uwanja mzima. Ninyi mnazunguka kwa zamu, mnaleta, mnaonja pamoja. Mzunguko wake uwe mmoja tu, wa kwenda kwenye vyungu vya kina mama, na aende akiwa hajachoka. Halafu ikipigwa ngoma, msogezeeni kiti. Wamama wa Kigogo wakiingia na muheme, zile ngoma zimebanwa mapajani, mwangalie uso wake. Kwa macho yangu nimemwona mama wa miaka karibu themanini akiiachia fimbo yake ianguke.

Kupotea kwa watoto nako nilisemee, maana yamenikuta. Desemba iliyopita mjukuu wangu wa miaka mitano alifuata wapiga ngoma. Tulimtafuta dakika arobaini. Sitasahau namna nilivyokuwa naziona nguo nyekundu tu, kila mtoto aliyevaa nyekundu nilimkimbilia. Tulimkuta kwa wapika mlenda, amekalishwa juu ya ndoo, anakula karanga. Wale kina mama walimzuia pale pale wakijua mwenyewe atapita. Tangu siku hiyo naandika namba ya simu kwa kalamu ya wino kwenye mkono wa mtoto, chini ya kiwiko, na tukiingia tu tunawaonyesha wote wawili wakubwa mkeka ulipo na alama iliyo karibu: mti gani, bendera gani. Wa miaka miwili afungwe mgongoni kwa khanga. Kigari cha kusukuma hakitembei kwenye mchanga.

Fedha zenu zinatosha mkizigawa nyumbani. Kiingilio cha watu wazima watatu ni 15,000. Nauli ya bajaji ya kurudi ifunge kwenye kona ya khanga usiiguse. Mapulizo ya kurukia na farasi wa kuzunguka ndiyo humaliza pesa za familia, kwa hiyo kila mtoto ajue tangu asubuhi ana michezo miwili, achague mwenyewe. Bebeni maji yenu kama mlangoni wanaruhusu, na vyombo vya mfuniko kwa chakula kitakachobaki. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, usitegemee kufungiwa.

Na mumeo. Nimeona katika barua yako kwamba pombe umeitaja upande wa mama tu, hukuitaja upande wake. Mvinyo wa Dodoma ni fahari yetu, mizabibu ililetwa na wamisionari kule Bihawana, na leo kaya nyingi za vijijini zinasomesha watoto kwa zabibu. Akipenda glasi moja mchana baada ya kula, aipate kwa raha. Ila nyie wawili mkubaliane kabla: kama mnakwenda na gari, anayeendesha haonji hata funda. Kama hawezi kuahidi hilo, gari libaki Kisasa. Na asimwache mama na watoto mkekani akaenda kukaa na wenzake wa ofisini hadi saa tisa. Siku hii mmeipanga pamoja.

Niandikie Januari. Nataka kujua khanga ilipigwa pasi au haikupigwa.

Assalaam aleikum Shangazi. Sisi ni familia ya Kiislamu, tunatoka Kondoa, tutakuwa Dodoma kwa ndugu wakati wa likizo ya Desemba. Watoto wangu wawili wanalilia tamasha hilo la vyakula. Nimesikia kutakuwa na mvinyo na kitimoto. Halafu kuna kitu watu wanaita mchuzi wa zabibu, wengine wanasema ni juisi, wengine wanasema ni pombe. Niwapeleke au niwape udhuru?
Baba wa Wawili, Kondoa

Waaleikum salaam, mwanangu. Suala la dini mwulize sheikh wako, mimi nitasema ninayoyajua ya jikoni.

Umefanya vizuri kuuliza kuhusu huo mchuzi, maana neno lenyewe lina mtego. Kuna wanaoita mchuzi maji ya zabibu yaliyokamuliwa leo. Na kuna wakulima na wasindikaji wanaoita mchuzi mvinyo ghafi, uliokwisha kuchacha, unaosubiri kupelekwa kiwandani. Vyote vina rangi moja na vinaweza kukaa kwenye madumu yanayofanana. Usiulize "hii ni mchuzi?" Uliza "imekamuliwa lini, na imechemshwa?" Ganda la zabibu lina hamira yake ya asili, kwa hiyo juisi mbichi isiyochemshwa wala kuwekwa kwenye baridi huanza kuchacha yenyewe, na kwa joto letu siku moja au mbili zinatosha. Dalili zake ni mapovu madogo yanayopanda, chupa kuvimba, kifuniko kufyatuka kwa mlio, harufu ya uchachu. Pia kumbuka Desemba si wakati wa mavuno. Zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya Agosti na Septemba yamekwisha pita. Juisi utakayoikuta imehifadhiwa. Kwa watoto nunua iliyofungwa kiwandani, yenye lebo inayosema ni juisi na tarehe ya mwisho wa matumizi. Mwenye dumu bila lebo mpite kwa salamu, hata kama anaapa.

Togwa nayo iangalie hivyo hivyo. Ya leo ni uji mtamu. Ya juzi ni kitu kingine.

Kwa nyama, muda wa kuuliza ni kabla hujaagiza, na uulize mambo matatu: nani amechinja, jiko hili linachoma nini kingine, na kisu hiki na ubao huu vimekata nini. Mchomaji mwaminifu hakasiriki. Wengi wanaochoma mbuzi kwa ajili ya Waislamu huweka jiko lao mbali kabisa na la kitimoto na wanajivunia kukuonyesha. Ukiona mtu anababaika, nenda kwenye samaki, kwenye mihogo ya kuchoma, kwenye kunde na njugu. Na nyinyi watu wa Kondoa mna asali. Si ajabu mkamkuta mtu wa kwenu kaileta.

Upande wa mvinyo usiupitishe njia yako. Waandaaji wengi huutenga na sehemu ya watoto, na inavyopasa kuwa ni hivyo. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na kumuuzia pombe ni kosa. Nenda asubuhi kama nilivyomwambia Mama Watatu, utakuwa umeondoka kabla glasi hazijawa nyingi. Mimi ningewapeleka. Wana haki ya kuona vyakula vya nchi yao vimepangwa mahali pamoja, na wana baba anayejua kuuliza.

Shangazi shikamoo. Nina miaka 23, nauza juisi ya ubuyu na kashata za karanga hapa Chang'ombe. Nimepata meza ndogo kwenye tamasha kwa mara ya kwanza na nimeilipia kwa mkopo wa kikundi. Familia zinapenda nini? Nisaidie nisirudi na mali.
Binti wa Ubuyu, Dodoma

Marahaba binti yangu, na hongera. Mkopo wa kikundi unaogopesha, naelewa.

Andika bei kwa herufi kubwa ubandike mbele ya meza. Mama mwenye watoto watatu haulizi bei, anaona aibu kuuliza kisha kuondoka. Akiisoma kwa mbali anapiga hesabu yake na anakuja. Uwe na vikombe vya aina mbili, kikubwa na cha mtoto, maana mzazi hataki kununua kikubwa kitakachomwagwa nusu. Tengeneza dumu moja la ubuyu lisilotiwa sukari kabisa, na sukari iwe pembeni kwa anayetaka. Wenye ugonjwa wa sukari ni wengi kuliko unavyodhani na hakuna anayewakumbuka. Wakijua wewe unayo, wataitana. Maji ya juisi yachemshwe usiku, yapoe, yafunikwe. Barafu usiinunue usipojua maji yake yametoka wapi. Weka dumu zima ndani ya beseni la barafu badala ya kuitia barafu kwenye kikombe. Mimi niliwahi kuugua siku nne kwa kikombe kimoja cha namna hiyo.

Chenji uianze kuitafuta Alhamisi, za 500 na za 1,000, kwa sababu Jumamosi asubuhi kila mtu ataingia na noti ya 10,000 na jirani zako hawatakuvunjia. Lipa namba nayo iwe imebandikwa.

Kashata usizipeleke zote asubuhi kabla ya kuona kama zinauzika. Peleka nusu, nyingine iache kwa mtu mwenye pikipiki aliye tayari kukuletea. Jua likizipata zinalainika na kushikana.

Weka ndoo ya maji yenye bomba na sabuni pembeni ya meza yako hata kama hujaambiwa. Wazazi watakuja kuwanawisha watoto, na wakinawa watasimama. Tafuta na viti viwili vya plastiki, uviazime kama huna. Ukiona bibi amefika na fimbo yake mbele ya meza, mpe kiti kwanza, ndipo umuulize anakunywa nini.